Kabla ya Kuzimua Asidi Kali

Wanafunzi wengi hukimbilia kanuni ya M₁V₁ = M₂V₂ (M ni ukolezi na V ni ujazo, kabla na baada ya kuzimua) hata kabla ya kusoma lebo ya chupa, ilhali kanuni hiyo ndiyo sehemu nyepesi ya kazi nzima. Tuchukue asidi hidrokloriki ya taitresheni, yaani ya kupimia ukolezi wa kimiminika kingine, lita 1 yenye ukolezi wa 0.1 M, au molari ya 0.1 (moli 0.1 kwa kila lita). Mara nyingi lebo ya asidi kali haitaji molari. Hutaja asilimia 37 kwa uzito na densiti ya gramu 1.18 kwa mililita, na molari huachiwa mtayarishaji aitafute mwenyewe. Lita moja ya asidi hiyo ina gramu 1,180, na asilimia 37 yake ni kama gramu 437 za asidi halisi, ambazo zikigawanywa kwa 36.5, yaani uzito wa moli moja, hutoa takriban 12 M.

Sasa kanuni ina kazi: 0.1 × 1,000 ÷ 12 ni mililita 8.3. Jibu hilo likaguliwe kwa kichwa kabla ya kugusa pipeti, kwa kuwa ukolezi unaoshuka kutoka 12 hadi 0.1 umepungua mara 120, na ujazo hauna budi kuongezeka mara hizo hizo. Izingatiwe pia kwamba 1,000 ni ujazo wa mwisho. Anayemimina asidi yake juu ya lita nzima ya maji amekwisha kukosea.

Miwani, glavu na kifyonzio cha pipeti viwe mezani mapema, na chupa ifunguliwe penye hewa ya kutosha, kwani mvuke wake hukereketa koo papo hapo. Maji yaliyokenekwa hutangulia, kama nusu ya chupa ya ujazo (yenye alama ya lita 1 shingoni), kisha asidi huongezwa polepole. Kinyume chake ni hatari. Mchanganyiko ukishapoa, maji huongezwa mpaka sehemu ya chini ya mbonyeo wa uso wake iguse alama, jicho likiwa usawa nayo.

Asidi iliyofunguliwa zamani hupoteza gesi, kwa hiyo 0.1 M ibaki kuwa makadirio mpaka ipimwe kwa sodiamu kaboneti iliyokaushwa vizuri. Kwa kuwa moli moja ya kaboneti humaliza moli mbili za asidi, mililita 25 za kaboneti ya 0.05 M zingehitaji mililita 25 za asidi ya 0.1 M kamili; zikitumika 26.0, ukolezi halisi ni 0.096 M, na hiyo ndiyo namba ya kuandikwa kwenye lebo pamoja na tarehe.