Somo: Jamu ya nanasi yenye mdalasini, karafuu na iliki

Mananasi ya Kiwangwa yakijaa sokoni bei hushuka, na huo ndio wakati wa kupika jamu ya kuweka. Jamu nyingi za viungo huharibikia kwenye karafuu. Inatiwa ya unga, au inaachwa ndani ya chupa, na baada ya wiki mbili husikii nanasi tena. Viungo vinukie kwa mbali, tunda libaki tunda.

Mahitaji: nanasi lililomenywa kilo 1, sukari gramu 700, malimau 2, mdalasini kijiti kimoja, karafuu punje 4, iliki 4 zilizopondwa kidogo.

1. Chagua nanasi lililoiva lakini bado gumu. Lililolegea sana halishiki vizuri. Menya, toa macho yote, kisha katakata vipande vidogo mno. Moyo wake mgumu uparaze, usiutupe.

2. Kamua malimau, mbegu zake uziweke. Nanasi lina pektini kidogo, yaani kile kinachofanya jamu igande, na mbegu za limau zinayo. Zifunge pamoja na viungo kwenye kitambaa safi chepesi, uache uzi mrefu wa kuvutia.

3. Bandika nanasi, maji ya limau na kile kifurushi kwa moto mdogo, dakika 20 hivi, mpaka vipande vilainike. Sukari bado. Ukiitia mapema, vipande hukakamaa.

4. Opoa kifurushi, kikamue kwa mgongo wa kijiko. Onja. Harufu ikikutosha, usikirudishe.

5. Tia sukari, koroga mpaka iyeyuke yote, ndipo uongeze moto. Tumia sufuria pana, jamu inaruka na inaunguza vibaya. Mwanzoni utaona povu jepesi linalopanda haraka. Baadaye mapovu huwa makubwa, mazito, yanapasuka polepole, na mwiko unaacha njia chini ya sufuria. Dondoshea tone kwenye kisahani kilichotoka kwenye friza, subiri kidogo, lisukume kwa kidole. Likikunjamana, epua.

6. Chupa za kioo ziwe zimechemshwa dakika 10 na bado za moto. Jaza, acha nusu sentimita juu, futa mdomo, funga. Kisha zichemshe zikiwa zimefunikwa na maji: dakika 10 ukiwa Dar au Mombasa, 15 ukiwa Arusha au Nairobi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Dada, niko Nairobi. Nilisubiri kipimajoto kifike nyuzi 105, jamu ikawa ngumu kama peremende.
Jibu: Pole mpenzi. Nyuzi 105 ni za pwani. Huko kwenu maji huchemka karibu na nyuzi 95, kwa hiyo jamu yako ilikuwa tayari kwenye 99 au 100. Pima kwanza maji yanayochemka, halafu ongeza nyuzi 4 au 5.

Swali: Mama yangu ana kisukari. Nikitia sukari nusu?
Jibu: Itapikika, ila sukari ndiyo inayoitunza jamu, kwa hiyo iweke kwenye friji na muimalize ndani ya wiki mbili. Lakini tafadhali usimpe mama ukidhani ni salama kwake. Nanasi lenyewe lina sukari, na hiyo nusu bado ni nyingi. Aulize kwanza kliniki.

Swali: Sina karafuu nzima, ya unga je?
Jibu: Bora uikose kabisa, ubaki na mdalasini na iliki. Unga hauopoleki, na jamu inakuwa ya kahawia na chungu.

Swali: Yangu imelala usiku mzima na bado ni majimaji.
Jibu: Irudishe jikoni pamoja na maji ya limau moja, ichemke kwa nguvu dakika chache, urudie jaribio la kisahani. Chupa nazo uzichemshe upya.