Kutembea Kitulo kwa siku moja: ukitaka maua, kubali mvua

Kila Juni jamaa zangu wa Dar huniandikia ujumbe uleule: likizo imefika, tupeleke Kitulo tukaone maua. Jibu langu halibadiliki. Juni utakuta nyasi zilizokauka, upepo, na baridi ya usiku inayogandisha umande. Mvua huanza Novemba, maua huchanganya kati ya Desemba na Aprili, na mimi huchagua mwisho wa Januari au Februari kwa sababu okidi nazo zinakuwa zimetoka. Ukishalikubali hilo, mengine yanajipanga yenyewe: unatembea msimu wa mvua, kwa hiyo siku nzima unaipanga kwa kufuata mawingu.

Kwa asiyeijua, Kitulo ni uwanda wa juu wa Nyanda za Juu Kusini, kama mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, katikati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone. Ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Simba na tembo hawapo, ndiyo maana unaweza kushuka kwenye gari ukatembea kutwa.

Kama unatoka Pwani, lala Mbeya kwanza, siku mbili ukiweza. Mbeya yenyewe iko juu kiasi, na mwili ukishaizoea, kichwa hakitakugonga sana Kitulo. Asubuhi toka saa kumi na moja alfajiri, shika barabara ya Dar hadi Chimala, kisha pinda kulia uanze kupanda kwenda Matamba, ziliko ofisi za hifadhi. Kipande hicho wenyeji wanakiita Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake. Ni barabara ya kutisha na ya kupendeza kwa pamoja. Bonde la Usangu linazidi kufunguka chini yako kila kona. Usiipande na gari dogo msimu wa mvua hata kama dereva anakuhakikishia kwamba ameshafika huko mara nyingi. Tafuta gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, lenye tairi zenye meno. Kuna njia nyingine ya kupitia Isyonje, kwenye barabara ya Tukuyu, nayo ina tope lake.

Malipo ya kiingilio hayafanyiki kwa fedha taslimu. Unapewa kontroli namba, unalipa kwa simu au benki. Jambo hili lipange kabla, maana mtandao wa simu mlimani hauna uhakika. Na mwongozaji chukua, hata kama unajiamini. Ukungu wa Kitulo unaweza kukufunika ukiwa umeinama kupiga picha, na uwanda ule hauna miti ya kukuonyesha ulikotoka.

Kwenye begi, kitu cha kwanza ni koti la mvua la kweli, lenye kofia, si mwavuli. Upepo wa kule unaupindua. Cha pili ni soksi za kubadilisha na sweta la akiba, na hivi viwe ndani ya chombo kisichopitisha maji. Zamani tulifunga kwenye rambo, lakini mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2019, kwa hiyo mimi hutumia ndoo ndogo ya mfuniko iliyokuwa ya rangi. Viatu viwe vya kufunga kifundo cha mguu, vyenye soli yenye meno. Kofia na mafuta ya kuzuia jua pia, kwa sababu jua la juu linachoma hata unapohisi baridi. Chakula beba kinacholiwa kikiwa baridi: chapati, viazi vya kuchemsha, mayai, ndizi. Chai ya tangawizi kwenye chupa usiisahau. Maji, lita mbili kwa kila mtu.

Sasa mpangilio wa siku. Watu wengi huanza na maua na kuyaacha maporomoko ya maji yawe kilele cha mchana. Mimi nafanya kinyume, na nina sababu mbili. Msimu huo asubuhi mara nyingi huwa kweupe na mvua huja baada ya saa saba mchana. Ukifika kwenye maporomoko saa nne asubuhi, mawe ya kuvukia bado yanaonekana. Ukifika saa tisa, kijito ulichoruka kwa hatua moja kinaweza kuwa kimejaa, hata kama mlipo ninyi hapajadondoka tone, kwa sababu mvua imenyesha kule juu kinakotokea. Pili, maua mengi madogo hubaki yamefumba baridi ya asubuhi, na hufunguka jua likishapanda. Kwa hiyo mwambie mwongozaji akupeleke moja kwa moja bondeni, kwenye maporomoko anayoona yanafikika siku hiyo, halafu mrudi taratibu kupitia kwenye maua.

Kwenye maporomoko, simama chini, si juu. Mwamba wa ukingoni una ukoga usioonekana, na mtu anayeteleza pale hana cha kushika. Maji ni baridi mno. Osha uso, yatosha. Lakini kaa muda mrefu uyaangalie, na fikiria yanakokwenda: yanayoteremka upande wa Chimala huingia Usangu, huwa Ruaha Mkuu, hupita Mtera na Kidatu yakizungusha mitambo ya umeme. Taa nyingi za Dar zinaanzia kwenye nyasi hizi. Huwa nawaambia wageni wangu hivyo pale pale, na naona wanavyoanza kukanyaga kwa uangalifu zaidi.

Kurudi, punguzeni mwendo. Kilomita kumi kwa siku nzima zinatosha kabisa. Anayeshindwa kuongea huku akitembea anakwenda mbio kupita kiasi. Ukitazama mbali utaona rangi tu: njano, zambarau, nyeupe. Ya maana yako karibu na kifundo cha mguu. Kniphofia utazitambua zenyewe, maana zinasimama kama mienge, nyekundu iliyochanganyika na njano, na ndege wa chozi wanazigombania. Kuna mishubiri, protea, geraniamu, lobelia ndefu kupita mtu kwenye sehemu za majimaji. Okidi za ardhini zina aina zipatazo 45, na nyingi hazina makuu: kijiti cha kijani chenye maua madogo ambacho unaweza kukiruka bila kujua. Piga magoti. Chagua mita moja ya mraba, uikague kwa robo saa, halafu hesabu umeona aina ngapi. Hakuna njia nyingine ninayoijua ya kuiona Kitulo. Na ukichoka kuangalia chini, inua macho umtafute mbayuwayu wa buluu, ndege aliye hatarini duniani, ambaye huja kutaga huku msimu huohuo wa mvua.

Hapa lazima niseme kuhusu chikanda. Ni viazi vya okidi. Kwa miaka mingi vilichimbwa kwenye milima hii na kuvushwa kwenda Zambia, ambako hupondwa na karanga na kupikwa. Okidi hizo kwa kawaida huwa na viazi viwili chini: kimoja cha zamani kilicholegea, kinachoulisha mmea sasa, na kingine kipya, kigumu, cha mwakani. Mchimbaji hukitaka hicho kigumu. Akikichukua, mmea wa mwaka ujao umekwisha, hata kama ua la leo bado linacheka. Simlaumu mama aliyechimba ili alipe ada ya shule. Lakini wewe uliyekuja kutembea usinunue, usichimbe, wala usichume ua hata moja la kupigia picha. Ua lililochumwa halitatoa mbegu. Tembeeni mstari mmoja juu ya njia iliyopo. Kwenye chepechepe pita katikati ya tope hata kama viatu vinachafuka, kwa sababu kila anayekwepa pembeni anaipanua njia, na alama ya kiatu kwenye udongo ule haifutiki haraka.

Kitu ninachokiogopa kuliko vyote Kitulo ni radi. Uwanda ni mtupu, na mtu aliyesimama ndiye kitu kirefu kuliko vyote. Ukiona mmweko, anza kuhesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Hesabu ikiwa chini ya sekunde thelathini, acheni kila kitu mrudi garini kwa njia ya chini, mkipishana hatua nyingi, bila kukusanyika wala kujikinga chini ya mti wowote. Gari ndilo jengo lenu pale. Usibishane na mwongozaji akisema tuondoke, hata kama anga ya upande wenu bado ni ya buluu. Ukungu nao ukishuka, ni kusimama, kuitana majina, na kwenda mkigusana mabega nyuma ya mwongozaji. Na mwenye kichwa kinachouma, kichefuchefu au miguu inayoyumba ashushwe siku hiyohiyo, asilazimishwe kumaliza.

Saa tisa alasiri muwe mmeshaanza safari ya kurudi Matamba, ili Hamsini na Saba muishuke kukiwa na mwanga. Mwambie dereva ashuke na gia namba moja au mbili tangu kona ya kwanza, asikanyage breki mfululizo; zikipata moto zinaweza kukataa kushika. Mkinusa harufu ya kuungua, simameni mahali papana, wekeni mawe nyuma na mbele ya tairi, mnywe chai iliyobaki hadi breki zipoe, ndipo muendelee kushuka.