Hukumu ya rufaa, anza kuisoma mwishoni

Hukumu ya rufaa huja na kurasa kumi, ishirini, wakati mwingine arobaini, na aliyeipokea huanza na ukurasa wa kwanza. Akifika ukurasa wa sita, ambako jaji anaeleza hoja za wakili wa upande wa pili, anavunjika moyo na kusema kesi imekwenda. Kumbe hata hajafika penye uamuzi. Nimefanya kazi masijala za mahakama hapa Tanzania Bara tangu enzi za mashine za chapa hadi nikastaafu, na majirani bado wananiletea bahasha zao za kaki. Mimi si wakili. Ninachokijua ni karatasi: ipi inasema nini, na inatakiwa ifike wapi kabla ya siku gani. (Ndugu zangu wa Zanzibar wana mahakama zao na sheria zao, hivyo siku nitakazozitaja humu wasizichukue kama zao.)

Nenda moja kwa moja kwenye aya mbili za mwisho, juu kidogo ya tarehe na saini. Hapo ndipo penye amri. Kurasa zote zilizotangulia zinaeleza jaji alivyofika hapo, lakini karani, dalali wa mahakama na mkuu wa gereza wanafanyia kazi amri peke yake. Chukua kalamu upige mstari chini ya vitenzi: imekubaliwa, imetupwa, imefutwa, umebatilishwa, irudishwe. Kila kimoja kina njia yake.

Rufaa ikikubaliwa, usishangilie kabla hujaona kilichowekwa mahali pa uamuzi uliotenguliwa. Katika jinai, amri nzuri kuliko zote husema hatia imefutwa, adhabu imetenguliwa, na mrufani (aliyekata rufaa) aachiwe huru mara moja isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali. Hayo maneno ya mwisho watu huyaruka. Nimeona familia imekodi gari kwenda kumpokea kijana wao gerezani, na gerezani kuna hati ya kesi nyingine ambayo hakuna aliyeikumbuka. Katika madai, rufaa inaweza kukubaliwa kwa sehemu tu: ulidai nyumba na fidia, umepata nyumba, fidia imepunguzwa. Na angalia gharama. "Kila upande ubebe gharama zake" si sawa na "mrufaniwa (yule aliyekatiwa rufaa) alipe gharama".

Rufaa ikitupwa, uamuzi wa chini unabaki kama ulivyokuwa. Mfano unaojulikana ni shauri la Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Rebeca Gyumi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18, vinakwenda kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Mtu aliyesikia redioni kwamba "rufaa imetupwa" angeweza kudhani ni dada huyo aliyeshindwa, wakati aliyeshindwa ni mrufani, yaani Serikali. Kwa hiyo kabla ya kusema nani kashinda, rudi ukurasa wa kwanza uone nani ameandikwa mrufani.

Sasa rufaa kufutwa. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, nami nitakaa kidogo. Rufaa hufutwa pale mahakama inapoona hati zenyewe zina kasoro ya kisheria: notisi ya kusudio la kukata rufaa haikutolewa, nyaraka za lazima hazimo kwenye kumbukumbu ya rufaa (kitabu cha nyaraka za shauri), mahakama iliyofunguliwa siyo. Maana yake hoja zako hazijasikilizwa kabisa, na kwa kawaida unaweza kurekebisha kasoro ukaanza upya. Tatizo ni kwamba mpaka siku hiyo muda wa kukata rufaa umeshapita zamani, hivyo hatua ya kwanza huwa ni maombi ya kuongezewa muda, na baada ya hapo ndiyo rufaa. Rufaa iliyotupwa baada ya kusikilizwa hairudi mahakama ileile kwa mtindo huo, bali unapanda juu kama njia ipo. Ukipata hukumu ya Kiingereza, na huko juu bado ni nyingi ingawa sheria ilibadilishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, mtu anayekusomea mwulize swali hilo moja tu: imetupwa au imefutwa? Akijibu "ni mamoja", tafuta mwingine.

Kuna amri nyingine ambayo haimpi mtu ushindi: mwenendo wa mahakama ya chini (yaani usikilizwaji wote wa huko) umebatilishwa na jalada lirudishwe likasikilizwe upya. Kwenye mirathi na ardhi hii inachosha, kwa sababu mashahidi wengine wameshafariki. Kwenye jinai ina kanuni yake, na kanuni hiyo majaji bado wanaitoa katika uamuzi wa mwaka 1966 wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki: kesi husikilizwa upya pale usikilizwaji wa kwanza ulipokuwa na kasoro ya kisheria, na isiwe nafasi ya kuwapa waendesha mashtaka kuziba mapengo ya ushahidi wao. Ndiyo maana utakuta hukumu nyingine inabatilisha mwenendo wote na bado inamwachia mfungwa huru: jaji amepima akaona hata wakianza upya ushahidi wenyewe haupo.

Ukishaelewa amri, rudi ukurasa wa kwanza usome pale juu panapoeleza shauri limetoka wapi. Pameandikwa, kwa mfano, kwamba rufaa inatokana na uamuzi wa Mahakama ya Wilaya, ambao nao ulitokana na shauri la mirathi la Mahakama ya Mwanzo. Hesabu ngazi. Rufaa ya kwanza ni ya kupima upya ushahidi wote, na jaji anaruhusiwa kufikia hitimisho lake mwenyewe. Rufaa ya pili huangalia hoja za kisheria. Mahakama mbili za chini zikikubaliana juu ya jambo la ukweli, kwamba mpaka wa shamba ni ule mwembe au kwamba shahidi fulani alimwona mshtakiwa, huko juu hawaligusi kirahisi, labda ushahidi uwe ulisomwa vibaya kabisa. Na shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo likifika hadi kwenda Mahakama ya Rufani, lazima Mahakama Kuu kwanza ithibitishe kwamba kuna hoja ya kisheria inayostahili kwenda huko. Mtu anaponiambia atakwenda Rufani "kumweleza jaji ukweli wote", namwambia mwanangu, ukweli ulitakiwa uishie Wilaya.

Sehemu ya sababu sasa unaweza kuisoma kwa utulivu. Usikasirike ukiona uliandika sababu saba na jaji amejibu mbili. Ikiwa sababu moja inatosha kumaliza rufaa, nyingine huachwa. Kosa la kweli ni kuchukua sentensi tamu katikati ya hukumu ukadhani ndiyo amri. Mfano mzuri kuliko yote ni kesi ambayo kila mwanasheria nchini anaiita ya Bi Hawa, Rufaa ya Madai Na. 9 ya 1983, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Swali lilikuwa hili: mke aliyekaa nyumbani akapika, akafua, akalea, ana sehemu yoyote katika mali iliyopatikana kwa kipato cha mume? Sheria ya Ndoa ya 1971 inazungumzia mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja, na Mahakama ikasema kazi za nyumbani nazo ni juhudi. Wanawake wengi wamegawiwa nyumba na viwanja kwa nguvu ya maneno hayo, hadi leo. Lakini soma mwisho: rufaa ya Bi Hawa mwenyewe ilitupwa. Mahakama iliona kwamba mumewe alikuwa amempa fedha za mradi wa familia naye akazitumia ovyo, na hilo likameza mchango wake. Kanuni ilibaki kwa wote, mwenye kesi akaondoka mikono mitupu. Kwa hiyo ukitafuta hukumu ya kukusaidia kwenye talaka yako, soma sababu. Ukisoma hukumu yako mwenyewe, soma amri.

Kisha tarehe. Siku ya kusomwa hukumu haihesabiwi, hesabu inaanza kesho yake. Siku ya mwisho ikiangukia Jumapili au sikukuu, unayo siku ya kazi inayofuata, ila mimi nisingemshauri mtu aitegemee. Andika tarehe ya mwisho kwa kalamu juu ya bahasha.

Siku zenyewe zinategemea shauri limeanzia wapi. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Wilaya ni siku 30. Shauri hilohilo likitoka Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni 30 tena, na hati unaipeleka masijala ya Wilaya, wao ndio wanaoisafirisha pamoja na jalada. Shauri la ndoa lililoanzia Wilaya au kwa Hakimu Mkazi lina siku 45 kwenda Mahakama Kuu, na hati hupokelewa na mahakama iliyotoa uamuzi. Uamuzi wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, 45. Madai ya kawaida yaliyoanzia Wilaya au kwa Hakimu Mkazi, 90. Jinai iliyoanzia huko ina hatua mbili: notisi ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, halafu hati ya rufaa ndani ya 45. Mfungwa hahitaji kutuma ndugu mahakamani, anakabidhi karatasi zake kwa mkuu wa gereza nazo zinapelekwa. Aliyekiri kosa mwenyewe ajue kwamba kwa kawaida anaweza kulalamikia adhabu tu. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Rufani, notisi ni siku 30, na katika madai kumbukumbu kamili ya rufaa ni siku 60 tangu notisi ilipowekwa.

Nakala ndiyo mtego mkubwa. Katika jinai na madai yaliyoanzia Wilaya, muda uliotumika kusubiri nakala ya hukumu na tuzo (karatasi fupi yenye amri ya mahakama katika madai) hutolewa kwenye hesabu, mradi uliziomba. Kwenda Rufani pia, ila barua ya kuomba nakala iwe imeandikwa ndani ya siku 30 na upande wa pili uwe umepelekewa nakala ya barua hiyo, na Msajili atoe hati inayoonesha siku zilizotumika kuandaa. Lakini shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo halina huruma hiyo. Huko sheria haikulazimishi kuambatisha nakala ya hukumu kwenye rufaa yako, kwa hiyo mahakama haikubali kwamba ulikuwa unaisubiri. Nimewaona watu wakizungushwa na "njoo wiki ijayo" hadi siku ya 40, wakija na nakala yao safi yenye mhuri, muda umekufa. Wewe andika sababu zako kwa yale uliyoyasikia yakisomwa, ulipie kwa kontroo namba, upeleke. Na kila barua uliyopeleka, rudi na nakala yenye mhuri wa kupokelewa na tarehe. Karani akisema haina haja, msubiri agonge mhuri.

Muda ukipita, maombi ya kuongezewa muda yanakwenda na kiapo, na majaji hupima kwa vigezo vilivyowekwa katika shauri la kampuni ya ujenzi ya Lyamuya na wadhamini wa YWCA (chama cha wanawake vijana Wakristo), Maombi ya Madai Na. 2 ya 2010: ueleze kipindi chote cha kuchelewa, ucheleweshaji usiwe wa kupindukia, uoneshe ulikuwa na bidii na si uzembe, au uoneshe jambo zito kama kasoro ya kisheria ndani ya hukumu yenyewe. "Nilikuwa naumwa" haitoshi. Tarehe uliyolazwa, tarehe uliyoruhusiwa, karatasi ya hospitali, nauli ya basi, siku uliyomwona wakili. Siku tatu zisizoelezwa katikati zinatosha kuangusha maombi.

Jambo moja zaidi kwa walioshindwa madai: kukata rufaa peke yake hakumzuii dalali wa mahakama kuja kupiga mnada. Unaomba kando amri ya kusimamisha utekelezaji. Ukiwa ngazi ya Rufani, maombi hayo yana siku 14 tangu ulipopewa taarifa ya utekelezaji, kwa hiyo karatasi yoyote iliyobandikwa mlangoni isomwe siku hiyohiyo, siyo kuwekwa juu ya kabati kumsubiri mjomba arudi safari.

Hukumu nyingi za Mahakama Kuu na za Rufani zinapatikana bure kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, hata kwa simu. Tafuta kwa jina la mrufani, au kwa namba ya rufaa na mwaka. Ukiipata usichapishe yote, kwenye duka la steshenari watakumaliza hela: chapisha ukurasa wa kwanza, wenye majina na njia shauri lilikopita, na ule wa mwisho wenye amri, saini na tarehe. Hizo karatasi mbili ndizo msaidizi wa kisheria au wakili atakazokuomba kabla hujakaa kwenye kiti.