Ada kubwa au kizingiti kikubwa? Nilivyochagua Medigap

Nilitimiza miaka 65 Machi 2025, na sanduku langu la barua hapa Columbus, Ohio, likafurika makaratasi ya bima. Nikakaa na chai, kikokotoo na bahasha tupu ya kuandikia. Nawe anza hivyo, kabla hujampokelea simu wakala yeyote.

Medicare ni bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wenye miaka 65 na zaidi. Sehemu B yake inalipa asilimia 80 ya gharama za daktari ilizoidhinisha, ukishatoa dola za kwanza za mwaka, ambazo kwa 2025 zilikuwa 257. Asilimia 20 ni zako, na hazina kikomo. Pengo hilo ndilo linalozibwa na Medigap, bima ya ziada unayonunua kwa kampuni binafsi. Mpango G, mmoja wa mipango ya Medigap, una mafao yaleyale kwa kila kampuni, ndivyo sheria inavyotaka. Kinachotofautiana ni bei. Akija mtu kukusifia G yake, muulize bei tu, na kama inapanda kadiri umri unavyopanda.

Mimi niliandikiwa bei mbili: G ya kawaida, dola 142 kwa mwezi, G yenye kizingiti kikubwa, dola 48. Kizingiti ni jina langu mwenyewe: hela unazotoa mfukoni kila mwaka kabla Medigap haijaanza kukusaidia. Kwa 2025 zilikuwa dola 2,870.

Hesabu ya kwenye bahasha, ukiacha ada ya Sehemu B na dawa: G ya kawaida ni 1,704 kwa mwaka, ongeza zile 257 isizolipa, jumla 1,961. Hata nikilazwa mara tatu, ni hizohizo. G ya kizingiti ni 576 nisipougua kabisa, na 3,446 mwaka ukiharibika. Toa 576 kwenye 1,961, unapata 1,385. Matibabu yakinigharimu chini ya hapo, kizingiti kimenifaa, yakizidi, kimenila. Na kulazwa mara moja tu, Sehemu A ya Medicare, ile ya hospitali, ilidai 1,676 mwaka 2025.

Bado ukipiga hesabu ya miaka kadhaa, mtu mwenye afya anatoka vizuri na kizingiti. Mwanangu alinishikilia hapo. Nikamwambia, hesabu yako inadhani zile 2,870 zitakaa benki zikinisubiri. Mimi nina simu inayolia saa kumi alfajiri kutoka Tanga: ada ya shule, msiba, paa limeezuliwa na upepo. Akiba yangu haijawahi kumaliza miezi minne. Ada ya 142 inakatwa yenyewe, hakuna mjomba anayeweza kuikopa. Nikachukua G ya kawaida.

Wewe kama hela zako zinatulia, chukua kizingiti. Ila usipange kuhamia G ya kawaida siku ukiugua. Ukiwa na miaka 65 au zaidi, Sehemu B ikianza una miezi sita ambayo kampuni haiwezi kukukataa kwa ugonjwa. Ikipita, hapa Ohio wanaweza kukuhoji sukari na presha yako, kisha wakakukatalia.

Jambo moja mawakala hawakunigusia, nililisoma mwenyewe: ukiwa nje ya Marekani, G inalipa asilimia 80 ya matibabu ya dharura yaliyoanza ndani ya siku 60 za kwanza za safari, ukishatoa dola 250, hadi dola 50,000 maishani. Tunza risiti. Tiketi yangu ya Desemba nimekata ya siku 55.