Simba wa Kenya mjini Lubumbashi: namna ya kukusanya kumbukumbu za Joginder Singh

Joginder Singh alizaliwa Kericho, Kenya, mwaka 1932, akajifunza ufundi katika gereji ya baba yake, akawa dereva wa mashindano ya magari, akashinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mara tatu: 1965, 1974 na 1976. Alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013. Lubumbashi, kusini mwa Kongo, iko mbali na barabara alizozipita, lakini wapo wazee waliopeleka malori hadi Dar es Salaam au Mombasa wakarudi kupitia mpaka wa Kasumbalesa, wapo makanika waliofungua injini za enzi ile, na wapo waliofuata matokeo redioni. Hadithi zao hupotea haraka, na mara nyingi hupotea kwa sababu mtu alizirekodi vibaya.

Tatizo la kwanza ni jina. Mashabiki walimwita Simba wa Kenya. Ukimtajia hivyo mzee wa Katuba, mojawapo ya komini (wilaya za mji) za Lubumbashi, Simba kwake ni bia na Kenya ni komini ya jirani. Mazungumzo yatapotea kabla hayajaanza. Uliza juu ya dereva wa Safari mwenye kilemba. Waliopita Afrika Mashariki watakuambia wenyewe, "Yule Kalasinga?" Kalasinga ndivyo mtu wa dini ya Sikh anavyoitwa huko. Hapo umefika.

Beba picha tatu zilizochapishwa: magari aliyoshinda nayo, Volvo PV544 na Mitsubishi Lancer 1600 GSR, na Joginder mwenyewe. Usizitoe mwanzoni. Mtu akiona picha kabla ya kusema, atakueleza picha badala ya kumbukumbu yake, nawe hutaweza tena kutenganisha viwili hivyo. Acha aseme hadi amalize, kisha zitoe moja moja, maandishi ya chini yakiwa yamefunikwa kwa karatasi.

Kurekodi, simu inatosha. Iweke katika hali ya ndege ili isiite katikati ya hadithi, na iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa mara nne: simu iliyolala juu ya meza tupu hunasa kila kikombe kinachotua, na mgongano huo hufunika neno zima. Kutoka mdomoni hadi kwenye simu pawe sentimita 20 hadi 30. Rekodi kwa WAV (faili ya sauti isiyobanwa) ya chaneli moja. Saa moja hula takriban megabaiti 320, basi hakikisha nafasi ipo. Nafasi ikiwa ndogo, MP3 (sauti iliyobanwa) ya kilobiti 128 kwa sekunde hula chini ya megabaiti 60 kwa saa, nayo inasikika vizuri. Jaribu kwa dakika moja na usikilize kwa spika za masikioni kabla mzee hajaanza. Umeme ukikatika, jenereta ya jirani itawashwa: hamieni upande wa pili wa nyumba, ukuta ukae kati yenu na mashine. Kuanzia Oktoba hadi Aprili epuka chumba cha mabati yasiyo na dari, maana mvua ikinyesha hakuna programu itakayoirudisha sauti.

Anza kwa kutaja tarehe, mahali na jina la msimulizi, kisha muulize wazi, simu ikirekodi: "Baba, unakubali tuyatunze maneno haya na kuyasoma mbele ya watu? Tutaje jina lako, au tuliache?" Jibu lake liwe ndani ya rekodi yenyewe. Karatasi hupotea.

Maswali ndiyo kiini cha kazi. "Unamkumbukaje Joginder?" ni swali baya, kwa sababu huleta sifa: alikuwa hodari, alikuwa jasiri, basi. Uliza vitu ambavyo macho na masikio hushika. Baba, ulikuwa umesimama wapi? Gari lilitokea upande gani? Barabara ilikuwa tope au vumbi? Ulisikia nini kabla hujaliona? Nani alikuwa pembeni yako? Kanika muulize juu ya chuma: nini kilivunjika katika magari yale, na mlikishughulikia vipi bila kipuri? Ukishauliza, nyamaza. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo. Jambo zuri zaidi hutoka baada ya kimya hicho, na wengi hukiharibu kwa swali jingine.

Kila hadithi itie alama moja kati ya mbili: ALIONA au ALISIKIA. Aliyesikia redioni si shahidi duni. Anajua jambo jingine: habari ilifikaje huku, na watu waliipokeaje. Ila alama hizo zisichanganywe kamwe.

Kisha pima hadithi kwa mambo yanayojulikana. Ushindi wa 1965 aliupata kwa Volvo PV544 yenye namba 1, ndugu yake Jaswant akiwa dereva msaidizi. Ule wa 1974 na wa 1976 kwa Lancer, msaidizi akiwa David Doig. Msimulizi akisema kioo cha mbele cha Volvo kilikuwa vipande viwili vyenye mhimili katikati, anaikumbuka PV444, ndugu mkubwa wa gari lile. PV544 ina kioo kimoja kilichopinda. Akisema Joginder alishinda mara tano, mara nne kati ya hizo mfululizo, hiyo ni hesabu ya Shekhar Mehta, dereva mwingine wa Safari, aliyeshinda kwa Datsun mwaka 1973 na tena kuanzia 1979 hadi 1982. Kosa hili ni rahisi kulifanya. Usimkatize kumsahihisha: akiona aibu, atafunga mdomo hata kwa yale anayoyajua vizuri. Andika usahihisho pembeni, katika mabano ya mraba, na maneno yake yabaki yalivyo.

Yabaki yalivyo kwa lugha pia. Amesema "bantu bote balisimama", usiandike "watu wote walisimama". Amesema "mutuka", iache mutuka. Anayesafisha Kiswahili cha Lubumbashi kiwe cha vitabuni huondoa sauti ya mtu mwenyewe, na watoto wake wakisomewa hawatamtambua. Saa moja ya mazungumzo huhitaji saa nne hadi sita za kuandika, kwa hiyo usirekodi wazee sita wiki moja ukidhani utamaliza.

Faili ipe jina linaloanza na mwaka, mwezi, siku, halafu komini na jina la msimulizi, mfano 2025-06-14_Kamalondo_Jina. Wasiotaka kutajwa, wape herufi. Tunza nakala tatu: kwenye simu, kwenye kadi iliyo katika nyumba nyingine, na kwenye intaneti.

Kwa jioni ya kuzisoma hadithi hizo mbele ya watu, Juni au Julai inafaa kuliko Oktoba, ingawa Oktoba ndiyo mwezi aliofariki: hakuna mvua, ua unatosha, ila baridi ni kali, hivyo jiko la makaa liwashwe mapema na wazee wakae karibu nalo. Hadithi tano au sita, kila moja dakika nne. Anza na ALIONA, weka ALISIKIA katikati, malizia na kanika. Msimulizi akiwepo, asome mwenyewe au sauti yake ichezwe kwa spika. Watakaosimama kubishana juu ya mwaka au gari warekodi nao, simu nyingine ikiwa tayari mezani.

Kesho yake mpelekee kila msimulizi sauti yake kwenye kadi ndogo, pamoja na maandishi yaliyochapishwa kwa herufi kubwa, pointi 16, ili ayasome bila miwani ya kuazima.