Kuunga skrini ya pili kwenye laptopu ya Linux ukiwa ughaibuni

Wengi wetu huku tunaishi chumba kimoja, na meza ya kulia ndiyo meza ya kazi. Miaka miwili nilisoma masomo ya jioni kwa laptopu ya inchi 13, nikifungua mhadhara, nikiuficha niandike, kisha nikiutafuta tena. Siku nilipoweka skrini ya pili, mhadhara ulikaa kulia na maandishi kushoto. Shingo yangu ikapona, na masomo yakashika. Linux inaifanya kazi hii vizuri, ila ndugu yangu, kabla hujatoa hata senti moja, geuza laptopu uangalie matundu yake.

Nasema hivyo kwa sababu niliumia. Nilinunua waya wa kutoka USB-C (tundu dogo la duara-bapa) kwenda HDMI (tundu la kawaida la picha kwenye skrini na TV), nikauchomeka, skrini ikabaki nyeusi. Nilikesha nikisakinisha draiva (programu inayoendesha kifaa), nikaanza hata kuilaumu Linux. Kumbe tundu lile lilikuwa la chaji na data tu. Si kila USB-C hupitisha picha: linalopitisha lina uwezo uitwao DisplayPort Alt Mode, na mara nyingi huwekewa alama ya DP au ya radi ya Thunderbolt. Pasipo alama, tafuta modeli ya laptopu yako kwenye tovuti ya mtengenezaji usome sifa za kila tundu. Kama una tundu la HDMI, umepona: waya wa kawaida unatosha.

Skrini yenyewe nunua ya mtumba. Wanafunzi wanaohama huziuza kwa bei ya kutupa, na inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080 inamtosha mtu wa kuandika na kusoma. Ikiwa nyuma ina VGA peke yake, lile tundu la zamani la pini nyingi, utahitaji kigeuzi. Kuwa makini pia na waya za DisplayPort (tundu jingine la picha) kwenda HDMI, kwani nyingi hupeleka picha upande mmoja tu: kompyuta iwe kwenye DisplayPort, skrini kwenye HDMI. Ukiigeuza, hupati kitu. Na kama unafikiria kurudi nayo nyumbani, soma kibandiko cha umeme. Ikiandikwa 100–240V itafanya kazi Marekani kwenye volti 120 na Dar es Salaam kwenye 230. Plagi ya Uingereza ya pini tatu za bapa ndiyo ileile ya Kenya na Uganda.

Ukishachomeka, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi P. Kwenye GNOME na KDE, yaani mazingira ya dawati ya Linux, utaletewa chaguo: picha moja pande zote mbili, skrini moja tu, au eneo la kazi litandazwe kote. Chagua la kutandaza. Kisha fungua mipangilio, sehemu ya skrini, uburute vile visanduku viwili vikae kama skrini zilivyo mezani. Usiipuuze hatua hii. Skrini ikiwa kulia mezani na kushoto kwenye mipangilio, kipanya kitakugongea ukuta siku nzima.

Anayependa terminali (dirisha la kuandika amri), kwanza ajue anatumia mfumo gani wa picha:

echo $XDG_SESSION_TYPE

Jibu likiwa x11, andika xrandr uone majina ya matundu, kisha:

xrandr --output HDMI-1 --auto --right-of eDP-1

Hapo eDP-1 ni skrini ya laptopu. Kwako majina yanaweza kuwa tofauti, kwa hiyo andika yale uliyoyaona. Jibu likiwa wayland, amri hii haitapanga skrini. Rudi kwenye mipangilio.

Skrini ikikataa kabisa, jaribu waya mwingine kwanza. Laptopu yenye kadi ya picha ya NVIDIA huenda inahitaji draiva ya kampuni, na kwenye Ubuntu ni sudo ubuntu-drivers install, kisha uwashe upya. Vituo vya USB (visanduku vya kuongeza matundu) vinavyotumia DisplayLink, teknolojia ya kupeleka picha kwa USB, navyo hudai draiva ya ziada. Anayeanza aviepuke.

Picha ikija lakini kipanya kinaburuta miguu kwenye skrini ya 4K (yenye pikseli 3840 kwa 2160), angalia idadi ya hezi, yaani mara ngapi picha inachorwa upya kwa sekunde. HDMI ya toleo 1.4 inaishia 30 kwa 4K. Shusha ukubwa wa picha upate 60, macho yatakushukuru.

GNOME hukumbuka mpangilio wa kila skrini, hivyo ukichomoa ukaenda maktaba na kurudi, skrini zinajipanga tena. Mpangilio ukivurugika, futa faili ~/.config/monitors.xml, toka kwenye akaunti, uingie tena, upange upya.