Kuwatafuta mababu wa Ireland, nikiwa Ujiji

Baba wa wajukuu zangu ni Mmarekani mwenye asili ya Ireland. Siku moja mjukuu aliniuliza, "Bibi, babu zake baba walitoka kijiji gani?" Nikaanza kutafuta kwa simu kwenye FamilySearch, tovuti ya kutafutia ukoo, ambako kujiunga ni bure.

Anza na sensa ya Marekani ya 1950, kisha rudi nyuma miaka kumi kumi. Ya 1890 usiihangaikie, karibu yote iliharibiwa na moto wa 1921. Ya 1900 ndiyo hazina: ina mwezi na mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kuingia Marekani, hata mama kazaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Nilikuta mama aliyezaa tisa wakabaki watano. Niliiweka simu chini kwanza, nikamwombea.

Jina lisikufunge. O'Sullivan leo, Sullivan kesho. Karani aliandika alivyosikia, kama walivyoyaandika majina yetu ya Kiha. Linganisha umri, mtaa na majina ya watoto.

Shida ni kwamba sensa huandika "Ireland" tu, basi. Hapo ndipo kadi za Marekani za kujiandikisha jeshini, za Vita vya Kwanza vya Dunia, zinapookoa. Kadi ya Juni 5, 1917, ya wanaume wa miaka 21 hadi 30, inauliza mji wa kuzaliwa. Wageni wasio raia nao waliandikishwa, na kujiandikisha si kwenda vitani. Kadi za Septemba 1918 haziulizi mji, ila zinamtaja ndugu wa karibu na anwani yake.

Ukishapata mji, fungua sensa za Ireland za 1901 na 1911. Nazo ni bure.